Picha za muziki za nyeusi na nyeupe

Picha za muziki za nyeusi na nyeupe ni picha za wanamuziki, wachezaji ngoma na watazamaji wao zisizo na rangi. Picha haina sauti. Nguvu yake ya kugusa hisia hutokana na mwanga, kivuli, jasho, mkao wa mwili na sura ya mtu.

Sababu za kiufundi

Kumbi za muziki huwa na mwanga hafifu. Filamu ya Kodak Tri-X ya milimita 35, iliyotolewa mwaka 1954, iliweza kunasa picha katika mwanga huo, ingawa iliacha chembechembe. Tena, taa nyekundu au za buluu za jukwaani hubadilisha rangi ya ngozi. Rangi ikiondolewa, jicho huenda usoni. Picha maarufu ya Pennie Smith inamwonyesha Paul Simonon wa bendi ya The Clash akivunja gitaa la besi jijini New York mwaka 1979. Haikutoka vizuri kwa ukali, lakini ukungu wake ndio unaoonyesha ghadhabu.

Afrika

Jean Depara alipiga picha za maisha ya usiku ya Kinshasa na za mwanamuziki Franco. Nchini Mali, Malick Sidibé alipiga vijana wakicheza dansi. Picha yake ya kaka na dada, "Nuit de Noël", ni ya mwaka 1963.

Ngoma ya mganda

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, huchezwa mganda, ngoma yenye asili katika beni na kwata za kijeshi. Wanaume hujipanga kwa mistari, mara nyingi wakiwa na mavazi meupe. Katika picha isiyo na rangi, weupe huo huonyesha wazi nidhamu ya mistari na miguu inayoinuka pamoja. Lakini jua kali la ufukweni huweza kufuta mikunjo ya nguo na kufanya nyuso ziwe giza tupu, hivyo asubuhi na jioni hufaa zaidi.

Mipaka

Kuondoa rangi hufanya ngoma inayochezwa leo ionekane ya zamani. Picha nyingi za ngoma za enzi ya ukoloni hazitaji majina ya wachezaji. Kwa hiyo jina, kijiji na tarehe ni sehemu muhimu ya picha: bila hivyo mtazamaji huguswa na mtu asiyemfahamu, na wajukuu hushindwa kumtambua babu yao.