Wazee Wetu Walivyompeleka Mwingereza Kortini

Ebu niwaulize, wasee. Mtu akikuumiza vibaya na asishtakiwe na yeyote, hiyo story imeisha? Wengi wetu tutasema tumwachie Mungu. Lakini kuna wazee wa hapa Kenya waliosema zii, na wakaenda kusema hivyo London.

Mmoja ni Wambugu wa Nyingi. Alishikwa Desemba 1952, akawekwa kizuizini karibu miaka 9 bila kufunguliwa mashtaka. Machi 1959 alikuwa kambi ya Hola, siku askari walipowapiga wafungwa hadi 11 wakafa. Yeye alizirai, akalazwa na maiti wakidhani amekufa.

Hakuna aliyefungwa jela kwa sababu ya Hola. Kesi ya jinai ni ya serikali, na hapo serikali ndiyo ilikuwa mkosaji. Sasa nani angemshtaki nani?

Zaidi ya hapo, Mau Mau ilibaki kundi haramu kwenye sheria zetu wenyewe hadi 2003. Yaani miaka 40 ya uhuru, na mzee hawezi kusema wazi alikuwa nani!

2009 watu watano, Nyingi akiwa mmoja wao, walifungua kesi ya madai katika Mahakama Kuu ya London. Kesi ya madai ni yako mwenyewe: unasema huyu aliniumiza, anilipe. Na huhitaji ushahidi mzito kama wa kumfunga mtu. Inatosha kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa ilitokea.

Uingereza ilijitetea kwamba deni hilo lilihamia serikali ya Kenya 1963. Jaji akakataa, 2011. Ikasema basi muda umepita. Akakataa tena, Oktoba 2012, kwa sababu ushahidi wa maandishi ulikuwa mwingi. Kumbe wakoloni walisafirisha mafaili kwao wakayaficha miaka na mikaka. Kesi hii ndiyo iliyoyafichua.

Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228, gharama za mawakili zikiwa humo humo. Ukigawa, haifiki pauni 4,000 kwa kila mmoja. Si pesa ya kubadilisha maisha. Na walisema wanajuta, lakini hawakukubali kwamba sheria inawadai. Susan Ngondi, mmoja wa wale watano, alikuwa ameshafariki.

Halafu kuna sehemu inayouma. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi kama hiyo. 2018 wakashindwa: muda umepita. Machungu yale yale, mlango umefungwa.

Mbona nawaambia haya? Kwa sababu saa ya korti inahesabu hata kwako. Hapa Kenya, kwa kawaida una miaka 3 kudai fidia ya kuumizwa, na miezi 12 tu ukiishtaki serikali. Sisi huchukua namba ya OB, tunangoja tupigiwe simu, miaka inaenda. Weka karatasi za hospitali. Weka picha, na majina ya walioona. Uliza wakili mapema.

Na kama shosho au guka yako bado yuko, mkalishe chini leo, rekodi anachokumbuka. Wale 5,228 walilipwa kwa sababu kuna mtu aliandika na kuna mtu alikuwa bado hai kusema.