Trollius

Trollius ni jenasi ya mimea ya kudumu katika familia Ranunculaceae. Ina spishi karibu 30 zinazoota kiasili katika maeneo ya baridi ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Nyingi zaidi ziko Asia. Inayojulikana zaidi ni Trollius europaeus, ambayo hupandwa bustanini kwa sababu ya maua yake ya manjano yenye umbo la mpira. Jina la jenasi limetokana na "Trollblume", jina la mmea huu katika Kijerumani cha Uswisi.

Maelezo

T. europaeus hufikia kimo cha sentimita 60 hivi. Majani yake yamegawanyika kama vidole vya mkono. Sehemu za ua zinazoonekana kama petali kwa kweli ni sepali. Kwa kawaida huwa karibu 10, nazo hujikunja kuelekea ndani hata ua likawa kama limefungwa. Petali halisi ni ndogo na nyembamba, zimefichika ndani pamoja na stameni. Majira ya baridi yanapofika, majani na mashina hufa, lakini mizizi hubaki hai chini ya ardhi na kuchipua tena baridi inapopungua.

Uchavushaji

Kwa kuwa ua limefungwa, wadudu wakubwa hawaingii kwa urahisi. Uchavushaji hufanywa hasa na nzi wadogo wa jenasi Chiastocheta. Nzi hao hutaga mayai ndani ya ua, na mabuu yao hula sehemu ya mbegu. Mbegu zinazosalia huendeleza mmea. Hivyo nzi hupata chakula na makazi, na mmea hulipa huduma hiyo kwa baadhi ya mbegu zake.

Kilimo na utunzaji

Kiasili mmea huu huota kwenye nyanda za nyasi zenye maji na kando ya vijito. Kwa hiyo sharti la kwanza bustanini ni udongo wenye rutuba usiokauka, hasa wakati wa joto. Mboji huchanganywa na udongo kabla ya kupanda, na matandazo huwekwa juu ili kutunza unyevu. Mmea hupenda jua au kivuli kidogo. Udongo ukiwa mkavu, majani huungua kingo na mmea hudhoofika.

Mashina yakikatwa baada ya maua kunyauka, mara nyingi mmea huchanua tena, ingawa kwa maua machache zaidi. Mashina huachwa iwapo mbegu zinahitajika.

Njia rahisi ya kuongeza mimea ni kung'oa shina la zamani na kuligawa, kila kipande kikiwa na mizizi na machipukizi yake. Mbegu huota polepole: hupandwa zikiwa mbichi na kuachwa zipitie baridi ya miezi kadhaa. Baadhi huota katika mwaka wa pili, kwa hiyo chungu kisimwagwe mapema.

Aina nyingi za bustanini ni machotara yanayoitwa Trollius × cultorum, yaliyotokana na T. europaeus, T. asiaticus na T. chinensis. Rangi zao huanzia manjano hafifu hadi machungwa. Hupandwa pamoja na mimea mingine ya kudumu inayopenda unyevu, kama vile Astilbe, Iris sibirica na Caltha palustris. Hazifai kuwekwa pamoja na lavenda, ambayo huoza mizizi katika udongo wenye maji mengi.

Ugonjwa unaoonekana mara kwa mara ni ubwiriunga, hasa mmea unapokosa maji.

Sumu

Kama jamaa zake wengi, mmea mbichi una utomvu wenye sumu unaowasha ngozi, hivyo ni vizuri kuvaa glavu wakati wa kuukata. Mifugo huuepuka malishoni. Ukikauka ndani ya nyasi za akiba, sumu hiyo hupotea.

Hifadhi

T. europaeus imepungua katika sehemu nyingi za Ulaya kwa sababu nyanda zenye maji zimechimbwa mifereji na kugeuzwa mashamba. Nchini Ujerumani inalindwa na sheria. Nchini Eire imebaki katika sehemu chache tu za kaskazini-magharibi. Mimea ya bustani hununuliwa kutoka vitalu, wala haichimbwi porini. Maji yakiondolewa, mmea hutoweka, na nzi wanaoutegemea hutoweka pamoja nao.