Kupanda Mchongoma: Khabari za Waliotaka Kuruka kama Ndege

Amma baad. Katika madrasa zetu nyingi za pwani watoto hufundishwa jina la Abbas bin Firnas, na huambiwa kwamba Mwislamu huyu aliruka angani kwa mbawa zaidi ya miaka elfu kabla ya Wamarekani kuunda eropleni. Watoto hufurahi, mwalimu naye hufurahi, kisha somo likafungwa. Lakini khabari hii ina nusu yake ya pili, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi: namna alivyoanguka, na sababu ya kuanguka kwake. Wazee wetu walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Leo tutaisimulia khabari yote, tangu Qurtuba ya kale mpaka miji ya Ghuba, ambako vijana wetu wengi wako kazini, na ambako kujirusha kutoka kwenye eropleni na kuelea katika chumba cha upepo kumekuwa burudani ya siku ya mapumziko.

MWANACHUONI WA QURTUBA

Abbas bin Firnas alizaliwa Ronda, kusini mwa Andalus, nchi ambayo leo ni Uhispania, akafariki mwaka 887 Miladi, sawa na 274 Hijria. Aliishi zama za maamiri wa Bani Umayya wa Qurtuba. Hakuwa mtu wa upuuzi. Alikuwa mshairi, mjuzi wa nyota na fundi wa mikono. Husimuliwa kwamba alijua kutengeneza kioo kutokana na mawe, kwamba aliunda saa ya kujulia nyakati, na kwamba nyumbani kwake alifanya chumba kinachoonyesha mfano wa mbingu, pamoja na nyota zake, mawingu yake, umeme na radi.

Ilipokaribia mwaka 875, naye umri wake umepita miaka sitini, alijivika manyoya, akajifunga mbawa mbili, akajirusha kutoka mahali palipoinuka. Wasimulizi wanasema alikwenda masafa, kisha akashuka vibaya, akaumia mgongo.

Khabari hii imetufikia khasa kwa kalamu ya al-Maqqari, mwanachuoni wa Tilimsan aliyefariki Misri mwaka 1632, yaani zaidi ya miaka mia saba baada ya tukio. Kwa hivyo mwenye insafu hataizidisha kuliko ilivyoandikwa. Lakini al-Maqqari alikuwa akinakili vitabu vya kabla yake, na mshairi mmoja wa zama zile zile za Ibn Firnas, Mu'min bin Said, alimtaja katika shairi lake kwa kuruka kwake. Basi khabari ina asili, wala si hadithi ya kubuni.

Al-Maqqari hakuishia kutuhadithia kwamba mtu huyu aliruka. Ametuhifadhia na sababu ya kuumia kwake: hakujua kwamba ndege anaposhuka hutegemea mkia, naye hakujifanyia mkia. Mtazame kunguru anapotua juu ya mnazi. Huinua kifua, huutanua mkia wake kama kipepeo cha mkono, akaipunguza kasi yote kabla ya kucha zake kugusa kuti. Ibn Firnas alizisoma mbawa, akaacha kuusoma mkia.

Ajabu ni kwamba miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 11, yalitokea yale yale Uingereza. Mtawa mmoja aitwaye Eilmer, wa mji wa Malmesbury, alijifunga mbawa mikononi na miguuni, akajirusha kutoka juu ya mnara. Akaenda kiasi cha mita 200, kisha akaanguka, akavunjika miguu yote miwili, akabaki kilema. William wa Malmesbury, aliyeandika taarikh yake karibu mwaka 1125, anasema kwamba Eilmer mwenyewe alikuwa akisema sababu ya kuanguka kwake ni kusahau mkia. Watu wawili, dini mbili, nchi mbili, na upungufu mmoja. Hewa haijui huyu ni nani wala yule ni nani. Hutenda kwa kanuni aliyoiwekea Muumba wake.

KAMUSI ILIYOBAKI MSWADA

Yuko wa tatu, naye hatajwi sana mbele ya watoto, pengine kwa kuwa khabari yake ni chungu. Huyu ni Ismail bin Hammad al-Jawhari. Kila aliyesoma Kiarabu chuoni akapata kukifungua kitabu cha Mukhtar as-Sihah amefaidika kwa kazi yake, kwani Mukhtar ni muhtasari wa kamusi yake kubwa, as-Sihah, yenye maneno kiasi cha arubaini elfu.

Al-Jawhari alitoka Farab, katika nchi za Waturuki. Alisoma Baghdad, kisha akasafiri majangwani kwa makabila ya Waarabu ili aisikie lugha vinywani mwa wenyewe. Mwisho akakaa Nishapur, Khurasan, akifundisha na kuandika. Khati yake ilikuwa nzuri hata ikalinganishwa na ya Ibn Muqla. Basi mwanachuoni huyu, mwishoni mwa karne ya nne ya Hijria, alipanda juu ya msikiti wa Nishapur, akawaambia watu kwamba amefanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia, akajifunga mbao mbili kwa kamba mfano wa mbawa, akajirusha. Akafa. Wako waliopokea kwamba alianguka kutoka juu ya dari ya nyumba yake, na wako wanaosema kwamba akili yake ilikuwa imeingiwa na wasiwasi.

Sasa angalia hasara yake ilikomea wapi. Waandishi wa sira za wanazuoni wanasema kwamba as-Sihah ilikuwa imesafishwa mpaka herufi ya dhad tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa mswada, ikasafishwa na mwanafunzi wake baada ya kufa kwake, na humo yakaingia makosa ambayo maulamaa wa baadaye walipata tabu kuyasahihisha. Mtu mmoja alianguka Nishapur, na wanafunzi wa miji mingine, katika karne nyingine, wakalipa sehemu ya deni. Mtu si wake peke yake. Elimu iliyo kifuani mwake ni ya watu, na watoto wake na wazee wake wana haki juu ya mwili wake.

MWAVULI WAPATA MKIA

Wazungu nao hawakufika kwa siku moja. Mwaka 1783 Mfaransa Louis-Sébastien Lenormand alishuka kwa mwavuli kutoka juu ya mnara mjini Montpellier. Tarehe 22 Oktoba 1797 mwenzake, André-Jacques Garnerin, alipanda kwa puto juu ya Paris, akaukata mwenyewe uzi uliomshika na puto, akashuka ndani ya kapu chini ya mwavuli wa kitambaa. Alifika chini salama, lakini alipepesuka huku na huku hata watazamaji wakadhani ameangamia. Hewa iliyonaswa ndani ya mwavuli ilikuwa ikitoka kwa nguvu pembeni, mara upande huu, mara upande ule. Baadaye likaachwa tundu katikati ya kitambaa, hewa ikapata njia ya kupita taratibu, mwavuli ukatulia. Naweza kusema kwamba hapo mwavuli ulipata mkia wake.

Lakini hawakukosekana wasiozingatia. Franz Reichelt alikuwa mshonaji nguo mjini Paris, naye alishona vazi la kugeuka mwavuli. Aliomba ruhusa kwa serikali ya mji alijaribu kwa sanamu kutoka mnara wa Eiffel. Tarehe 4 Februari 1912, alipofika huko, alilivaa mwenyewe. Rafiki zake walimsihi, hakusikia. Akajirusha kutoka urefu wa mita 57 mbele ya waandishi wa magazeti na mashine za kupigia filamu, vazi halikufunguka, akafa papo hapo. Sanamu ilikuwapo, na jaribio lilikuwapo. Kilichokosekana ni subira.

Watu wengi wa zama hizo waliamini kwamba mtu akianguka hewani bila ya kushikwa na kitu atazimia, wala hataweza kuufungua mwavuli kwa mkono wake. Tarehe 28 Aprili 1919, huko Ohio, Marekani, Leslie Irvin aliruka kutoka kwenye eropleni, akaanguka akiwa na akili zake, kisha akavuta kamba kwa mkono wake mwavuli ukafunguka. Dhana ikavunjika. Na kifundo cha mguu wake nacho kikavunjika, kwani alitua vibaya. Hata siku ya ushindi, ngoma ilikuwa ni kushuka.

CHUMBA CHA UPEPO

Mtu anayeanguka kutoka juu hazidi kasi daima. Kadiri anavyokwenda mbio, ndivyo hewa inavyomsukuma kwa juu, mpaka uzito wake na msukumo wa hewa vikawa sawa. Akilala kifudifudi na kunyoosha viungo vyake, hufika hapo baada ya kiasi cha sekunde 12, akienda karibu kilomita 190 kwa saa. Kuanzia hapo kasi haiongezeki.

Mwenye kufahamu hilo atafahamu na chumba cha upepo. Ikiwa mtu anashuka kwa kasi hiyo katika hewa iliyotulia, basi ukiipandisha hewa kwa kasi hiyo hiyo, mtu atabaki pale pale alipo, ameelea. Mwingereza Francis Wenham aliunda njia ya upepo ya kupimia mbawa mwaka 1871, na ndugu wawili Wright waliunda yao mwaka 1901, wakapima mifano mingi ya mbawa kabla ya eropleni yao kuruka mwaka 1903. Walijaribu vibao vidogo kwanza, wasijaribu shingo zao. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mkanada Jean Saint-Germain aliufanya upepo wa kupanda juu kuwa mchezo wa watu. Leo katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kiko chumba cha namna hiyo kilichofunguliwa mwaka 2019, chenye upana karibu mita 10. Mtoto na baba yake huelea humo mbele ya mwalimu, na akishuka hushuka juu ya wavu. Warukaji wenyewe hufanya mazoezi humo kabla ya kwenda angani.

Na angani nako mambo yamebadilika. Mgeni huruka akiwa amefungwa kifuani kwa mwalimu wake, kama wanavyofanya Dubai, na Diani katika pwani yetu. Mwavuli wa akiba huwekwa mgongoni pamoja na ule wa kwanza. Tangu mwaka 1991 kiko chombo kidogo, kilichotoka Ujerumani, kinachoufungua mwavuli wa akiba chenyewe iwapo mtu amezimia au amepitiwa. Marekani, mwaka 2023, miruko ilikuwa kiasi cha milioni tatu na laki sita unusu, na waliokufa walikuwa 10. Katika miaka ya 1970 walikuwa wakifa makumi kila mwaka, na miruko yao ikiwa michache zaidi.

Lakini sikiliza jambo hili, ewe msomaji. Sehemu kubwa ya wanaokufa miaka hii, miavuli yao imefunguka sawasawa. Huangamia karibu na ardhi, kwa kuugeuza mwavuli kwa kasi ili watue kwa madaha. Ni mkia ule ule wa Qurtuba. Hata Felix Baumgartner, aliyejirusha kutoka urefu wa kilomita 39 mwaka 2012 akashuka salama, alikufa mwaka 2025 huko Italia, akirusha mwavuli wenye injini kutoka urefu usiofanana hata kidogo na ule.

WASIA

Siandiki fatwa hapa. Wenye kutoa fatwa wapo. Lakini kijana akija kwa mzazi wake akasema anataka kuruka, asikimbilie kumtukana, wala asimwachie tu. Na amuulize: Mwalimu wako ni nani, na anajulikana? Vyombo vimekaguliwa na nani? Madeni yako yako wapi, na wanaokutegemea watakula nini ukivunjika? Na neno la mwisho: unaruka kwa kujifunza, au kwa kupigwa picha? Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kumfunga ngamia ni sehemu ya kutegemea, si kinyume chake.

Na kwenu walimu wenzangu: mtajeni Abbas bin Firnas, kwani anastahiki. Wahispania wamelipa jina lake daraja mjini Qurtuba mwaka 2011, na wataalamu wa nyota wamelipa jina lake shimo moja la mwezini. Lakini msiishie kwenye mbawa. Mtoto anayeambiwa kwamba aliruka atajivuna. Mtoto anayeambiwa kwamba aliruka, akaanguka, na kwamba waliokuja baada yake waliijua sababu na kuiandika, huyo amepata elimu. Tukiyaficha maanguko ya wakubwa wetu, tunawanyima watoto nusu yenye faida, na tunawaacha waitafute wenyewe kwa migongo yao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walioko barani, baharini na angani, na atujaalie sote mshuko mwema. Amin.