Haki ya Kundi Inamdai Nani? Matamko ya Haki na Ardhi ya Waendorois na Waogiek

Katika Bonde la Ufa la kati, kutaja haki za kundi ni kugusa kidonda. Mwaka 1992, mwaka 1997 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, madai ya ardhi ya mababu yaligeuzwa silaha ya siasa. Mauaji yalitokea Molo, Kuresoi, Naivasha na katika mji wa Nakuru wenyewe. Walioitwa madoadoa, yaani watu wa jamii nyingine, walichomewa nyumba na kuishia kambini. Ndiyo maana watu wengi wenye nia njema hushikilia kwamba tamko la haki lililo salama ni lile linalomtambua raia peke yake, pasipo kutaja jamii yoyote.

Makala haya yanapinga msimamo huo. Hoja yangu ni kwamba haki ya kundi, ikiandikwa ipasavyo, inaidai serikali na wala haimdai jirani. Udhaifu wa matamko yetu hautokani na kutaja makundi. Unatokana na kutotaja ofisi inayowajibika kuyatekeleza. Ushahidi wangu ni kesi mbili: ya Waendorois wa Ziwa Bogoria na ya Waogiek wa Msitu wa Mau.

Jamii isiyoonekana na sheria

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na sura nzima ya haki: uhai, uhuru wa mtu, dini, mali. Mwenye haki hizo alikuwa mtu mmoja mmoja, na mali iliyolindwa kwa uhakika ilikuwa ile yenye hati. Jamii iliyoishi kwa kuwinda na kurina asali, kama Waogiek, ikigawana msitu kwa koo bila karatasi, haikuwa na mahali pa kusimama katika maandishi hayo. Ilikuwa hivyo tangu ukoloni. Mapema katika miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Carter ilipendekeza Waogiek waingizwe katika maeneo ya makabila makubwa yaliyowazunguka, kana kwamba hawakuwa watu wenye kwao. Uhuru ulikuja, lakini mtazamo huo haukuondoka.

Mwaka 1973 ardhi inayozunguka Ziwa Bogoria ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Waendorois, wafugaji waliokuwa wakilisha mifugo yao pale, wakichuma dawa na kufanya ibada zao kando ya ziwa, wakaondolewa. Kumbukumbu za kesi yao zinaonyesha kwamba mwaka 1986 familia 170 zililipwa takriban shilingi 3,150 kila moja. Walipofika katika Mahakama Kuu ya Nakuru, kesi yao ilitupwa tarehe 19 Aprili 2002. Mahakama haikuona msingi wa kisheria wa watu kunufaika na rasilimali kwa sababu tu wamezaliwa karibu nayo. Sheria iliyokuwapo iliwaona watu waliozaliwa karibu na ziwa. Haikuwa na njia ya kuiona jamii ambayo ziwa lilikuwa sehemu ya uhai wake.

Hapa ndipo hoja ya raia peke yake inapokwama. Tamko linalomlinda mtu mmoja mmoja tu haliwezi kulinda kitu ambacho hakimilikiwi na mtu mmoja. Malisho, mahali pa ibada na msitu wa mizinga havigawanyiki katika hatimiliki za mtu mmoja mmoja bila kupoteza maana yake.

Maandishi yaliyofungua mlango

Mwaka 2003 Waendorois walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wakitegemea mkataba ambao wakuu wa nchi za Afrika waliupitisha jijini Nairobi mwaka 1981. Mkataba huo unataja haki za mtu na haki za watu kwa pamoja: haki ya utamaduni, ya mali asili, ya maendeleo. Uamuzi wa Tume wa Novemba 2009, ulioidhinishwa na Umoja wa Afrika mwanzoni mwa 2010, ulisema Kenya ilikiuka haki hizo, na ukaitaka itambue umiliki wa Waendorois, iwaruhusu kulifikia ziwa na iwalipe fidia.

Miezi michache baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilizindua Katiba mpya. Kifungu cha 19 kinasema haki ni za kila mtu na hazitolewi na Dola. Kifungu cha 56 kinaiagiza serikali iweke mipango ya kuwawezesha walio wachache na waliotengwa, na Kifungu cha 63 kinaingiza katika ardhi ya jamii ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kimila na wawindaji na wakusanyaji. Machi 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi iliamua kwamba haki za Waogiek wa Mau Mashariki zilikiukwa walipofukuzwa. Mahakama za nchi ileile, ndani ya miaka 12, ziliweza kusikia kilio cha aina ileile kwa sikio jingine. Maneno ya tamko yana kazi.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, iliwapa Waogiek ushindi. Mahakama ilitumia pia Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, azimio ambalo Kenya haikulipigia kura ya ndiyo wala ya hapana. Ilikataa vilevile dai kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau: uharibifu ulitokana zaidi na uvamizi wa makundi mengine, serikali yenyewe kumega msitu kwa ajili ya makazi, na vibali vya ukataji miti.

Serikali ndiyo mdaiwa

Je, uamuzi wa namna hii hauwezi kuwasha moto upya? Swali hili linastahili jibu la kweli, kwa sababu Mau leo ina wakulima wa jamii nyingine, wengi wao wakiwa na hati walizopewa na serikali ileile. Jibu limo katika hukumu ya fidia ya Mahakama hiyohiyo ya Afrika ya tarehe 23 Juni 2022. Mahakama iliagiza ardhi ya Waogiek itambuliwe, ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Pale ambapo watu wengine wamepewa haki juu ya ardhi hiyo, serikali iongoze mazungumzo kuhusu kukodisha au kulipa mrabaha. Mapatano yakishindikana, serikali iwalipe hao wengine fidia na kuirudisha ardhi.

Huo ni mpango ulio kinyume kabisa na yaliyotokea mwaka 2008. Wakati wa machafuko, aliyelipia dhuluma ya kihistoria alikuwa jirani maskini, kwa nyumba yake na pengine kwa uhai wake. Chini ya hukumu hii, anayelipa ni Hazina ya Taifa, kwa kuwa dola ndiyo iliyoigawa ardhi vibaya. Anayeogopa vita vya ardhi Nakuru angepaswa kuwa wa kwanza kudai hukumu hii itekelezwe, maana dai lisilopata njia ya kisheria hubaki mikononi mwa wachochezi.

Agizo lisilo na mwenyewe

Hata hivyo, muda wa miaka miwili uliowekwa wa kutoa hati uliisha Juni 2024 bila hati. Fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara yasiyo ya mali ilikuwa imeagizwa. Hata baada ya hukumu hiyo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa huko Sasimwani, Kaunti ya Narok. Waendorois nao waliundiwa jopokazi mwaka 2014, miaka minne baada ya uamuzi uliotaka taarifa ndani ya miezi mitatu.

Sababu moja imo katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 62 kinaweka misitu ya serikali, hifadhi za wanyama na vyanzo vya maji katika ardhi ya umma, huku Kifungu cha 63 kikiitaja ardhi ya wawindaji kuwa ya jamii. Mau ni vyote kwa pamoja. Ofisa wa misitu anashika kifungu kimoja, mzee wa Kiogiek anashika kingine, na aliye na askari ndiye anayeshinda. Sababu ya pili ni kwamba wajibu umetawanyika kati ya wizara, Tume ya Taifa ya Ardhi, Huduma ya Misitu na kaunti, kiasi kwamba kila moja inaweza kuielekezea nyingine kidole.

Kwa hiyo Bunge litunge sheria ya kutekeleza maamuzi ya vyombo vya Afrika, yenye mambo matatu: ofisi moja inayowajibika na kuhojiwa na Bunge kila mwaka, fungu la fedha katika bajeti, na katazo la kumwondoa mtu katika ardhi ambayo upimaji wake umeagizwa na mahakama. Sheria hiyo iseme pia kwamba Kifungu cha 63 hutangulia pale ambapo mahakama imekwisha kuitambua jamii kuwa mwenye ardhi. Kaunti za Nakuru, Narok na Baringo zishirikishwe katika ramani na madaftari, kwani ndizo zinazowajua wakazi wote, wa zamani na waliokuja baadaye. Kutamka haki ni kukiri deni. Waendorois na Waogiek wamekwisha kuthibitisha deni wanalodai mbele ya mamlaka zilizokubaliwa na Kenya yenyewe, na kilichobaki ni Kenya kuitaja ofisi ya kulilipa na kuipa fedha za kulilipia.