Ufugaji wa Vipepeo Kandokando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420 katika pwani ya Kenya, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali ya kikoloni mwaka 1943, na kwa nusu karne iliyofuata wakulima wa Kigiriama waliopakana nao waliujua zaidi kama ardhi waliyokatazwa, ambamo aliyekata mti alikamatwa huku ndovu wakitoka usiku kuharibu mashamba. Si ajabu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walitaka msitu ufyekwe na ardhi igawanywe.

Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede, kandokando ya msitu huo, mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ulimpa mkulima sababu ya kuutaka msitu. Vipepeo majike hunaswa kwa wavu, au kwa mtego wa ndizi zilizochacha iwapo ni wa jamii zinazopenda matunda kuliko maua, kisha hufungiwa katika kizimba cha chandarua pamoja na mmea unaoliwa na viwavi wao, ili watage. Viwavi hulishwa majani mabichi kila siku mpaka wawe pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, na pupa hizo huuzwa na kusafirishwa kwa ndege hadi kumbi za maonyesho za Ulaya na Marekani kabla hazijapasuka.

Kiwavi hali kila jani. Yule wa Papilio demodocus hutosheka na mlimau wa uani, lakini wengine hutegemea mimea ya msituni, hivyo wafugaji waliipanda karibu na nyumba zao, na kwa kuwa majike wapya walitoka msituni, uhai wa msitu ukawa uhai wa biashara. Faida ya kuutunza msitu ilivuka mipaka ya biashara, maana vipepeo na nyuki wanaofyonza maua hubeba chavua, ile poleni inayowezesha mimea kuzaa.

Nchini Tanzania, wanavijiji wa Amani, Usambara Mashariki, walifuata njia hiyohiyo, hadi marufuku ya mwaka 2016 dhidi ya kusafirisha wanyamapori hai ilipowafungia soko. Marufuku hiyo haikutofautisha mnyama aliyenaswa porini na pupa iliyofugwa kijijini. Hilo lilikuwa kosa, na walioumizwa nalo zaidi ni walewale waliokuwa wakiutunza msitu.