Chama kutoka Msimbazi hadi Jangwani: Usajili uliogawa vijiwe vya Kurasini

Na Mwandishi Wetu

SIKU ya Jumatatu, Julai 1, 2024, klabu ya Yanga ya jijini Dar es Salaam ilimtangaza Clatous Chota Chama, kiungo mshambuliaji raia wa Zambia, kuwa mchezaji wake mpya. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa, kwani Chama alikuwa ametoka kumaliza mkataba na Simba, watani wa jadi wa Yanga, klabu aliyoichezea tangu mwaka 2018 ukiondoa miezi michache aliyokuwa Morocco.

Kata ya Kurasini, wilayani Temeke, ni mahali ambapo habari ya namna hiyo haiwezi kupita kimya. Upande mmoja ipo bandari, na kando ya Barabara ya Kilwa vipo viwanja vya maonyesho vya Sabasaba. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000, nao uko jirani kiasi kwamba siku ya mechi kubwa wakazi wengi huufikia kwa miguu. Kwenye vijiwe vya kahawa, vituo vya bodaboda na maegesho ya malori yanayosubiri mizigo, soka la Simba na Yanga huzungumzwa kama mambo ya kifamilia.

Mabishano yaliyozuka kutokana na usajili huo yalikuwa na maswali mawili. La kwanza, je, Simba ilipoteza hazina, au ilimwachia mtani mchezaji aliyekwisha kutimiza miaka 33? La pili, je, mpango wa Simba wa kujenga kikosi upya ulikuwa mpango wa kweli, au ilikuwa lugha ya kuwatuliza wanachama? Misimu imepita tangu wakati huo, na sasa yapo matokeo yanayoweza kupimwa.

Kwa nini Chama?

Si mara ya kwanza kwa mchezaji kuvuka mpaka huo. Kelvin Yondani alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2012. Emmanuel Okwi wa Uganda, aliyepata jina akiwa Simba, alijiunga na Yanga Desemba 2013, kisha akarejea Msimbazi mwaka uliofuata. Mwaka 2017 Haruna Niyonzima wa Rwanda alitoka Yanga kwenda Simba, na mwaka huo huo Ibrahim Ajib akapita njia hiyo kinyume chake. Bernard Morrison wa Ghana alihama Yanga kwenda Simba mwaka 2020, na mgogoro wa mkataba wake ukafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, iliyotoa uamuzi mwaka 2021.

Hata hivyo, Chama alikuwa na nafasi ya pekee katika kumbukumbu za wana Simba. Desemba 2018 bao lake la kisigino dhidi ya Nkana ya Zambia lilikamilisha ushindi wa 3-1 ulioipeleka Simba katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 16, 2019, katika uwanja huo huo ulio jirani na Kurasini, alifunga bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita ya Kongo, Simba ikashinda 2-1 na kuingia robo fainali. Machi 2023 alifunga mabao matatu katika ushindi wa 7-0 dhidi ya Horoya ya Guinea. Shabiki aliyeshuhudia mambo hayo kwa macho yake hakuona jina tu likihama orodha. Aliona sehemu ya maisha yake ikivishwa jezi ya kijani na njano.

Ndiyo maana neno msaliti lilitamkwa haraka upande mmoja, na upande wa pili ukajibu kwa vijembe. Lakini kabla ya kumhukumu mchezaji, ni vema kuangalia jinsi alivyoondoka.

Aliuzwa au aliondoka?

Mashabiki wengi huzoea kusema kwamba mchezaji fulani ameuzwa. Kwa Chama wa mwaka 2024, neno hilo si sahihi. Kwa mujibu wa kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha, au umebakiza miezi sita au pungufu, yuko huru kukubaliana na klabu nyingine. Klabu anayoiacha hailipwi ada ya uhamisho. Simba na Chama hawakufikia makubaliano ya mkataba mpya, na muda ulipokwisha mlango ukawa wazi.

Tofauti inaonekana kwa kulinganisha na mwaka 2021. Wakati huo Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco na mwenzake Luis Miquissone wa Msumbiji akaenda Al Ahly ya Misri. Wote wawili walikuwa na mikataba na Simba, hivyo klabu zilizowahitaji zililazimika kuzungumza na Simba kwanza. Januari 2022 Chama alirejea Msimbazi.

Mfano mwingine ni wa Feisal Salum, maarufu kama Fei Toto. Desemba 2022 alidai kuvunja mkataba wake na Yanga, lakini Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilisema bado ni mchezaji halali wa klabu hiyo. Mgogoro ulidumu miezi kadhaa, hata Rais Samia Suluhu Hassan akazitaka pande hizo zimalize tofauti zao. Juni 2023 Feisal alihamia Azam baada ya klabu hizo kukubaliana. Yanga ilimkosa mchezaji, lakini haikutoka mikono mitupu, kwa sababu karatasi ilikuwa hai.

Kwa hiyo hasara ya Simba haikutokea siku ya tangazo. Ilitokea pole pole katika miezi iliyotangulia, wakati ambapo klabu ilikuwa bado na uwezo wa ama kumwongezea mkataba ama kumtafutia mnunuzi. Baada ya hapo, lawama kwa mchezaji zilikuwa kelele za bure.

Haki ya mchezaji nayo ina historia yake. Katika besiboli ya Marekani, klabu ziliweza kwa miaka mingi kubadilishana wachezaji bila kuwauliza. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji wa St. Louis Cardinals, alikataa kupelekwa Philadelphia Phillies na akafungua kesi. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua dhidi yake mwaka 1972, lakini mwishoni mwa mwaka 1975 uamuzi wa msuluhishi ulifungua njia ya wachezaji kuwa huru mikataba yao inapomalizika. Katika soka, kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman ya mwaka 1995 ilileta mageuzi ya namna hiyo barani Ulaya, na hatimaye uhuru huo ukawa kanuni ya kawaida duniani. Chama alitumia haki ambayo wenzake waliitafuta kwa gharama kubwa.

Nyumba ikabomolewa

Simba ya kiangazi cha 2024 ilikuwa klabu iliyojeruhiwa. Novemba 5, 2023 ilifungwa na Yanga mabao 5-1, na kocha Roberto Oliveira, Robertinho, akaondoka. Abdelhak Benchikha wa Algeria alishika nafasi hiyo, naye akaondoka Aprili 2024. Msimu ulipomalizika Yanga ilikuwa bingwa kwa pointi 80. Azam na Simba zilikuwa na pointi 69 kila moja, Azam ikachukua nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao na tiketi ya Ligi ya Mabingwa pamoja nayo. Simba iliangukia Kombe la Shirikisho.

Juni 2024 mwekezaji Mohammed Dewji alirejea kuongoza bodi ya wakurugenzi. Fadlu Davids wa Afrika Kusini, aliyekuwa kocha msaidizi wa Raja Casablanca, akapewa timu. Mbali na Chama, waliondoka pia Saidi Ntibazonkiza, Henock Inonga na nahodha wa miaka mingi, John Bocco. Wakaja sura mpya, wengi wao vijana: Jean Charles Ahoua kutoka Stella ya Ivory Coast, Joshua Mutale kutoka Power Dynamos ya Zambia, Steven Mukwala kutoka Asante Kotoko ya Ghana, kipa Moussa Camara kutoka Horoya, pamoja na Debora Fernandes, Augustine Okejepha, Abdulrazack Hamza na wengineo.

Kwa lugha ya mafundi, hiyo haikuwa kupaka rangi. Ilikuwa kubomoa ukuta na kuanza kupanga matofali upya, huku wenye nyumba wakiwa bado wanalala ndani.

Subira ina bei gani?

Huko Marekani ujenzi wa namna hiyo una utaratibu unaoeleweka. Timu dhaifu huwatoa wachezaji wake wakubwa wangali na mikataba, ikapokea vijana kutoka kwa timu inayotaka ubingwa mara moja. Aidha, timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya mbele kuchagua vipaji vipya, na hakuna kushuka daraja. Houston Astros walipoteza zaidi ya mechi 100 katika kila msimu kati ya 2011 na 2013, mwaka 2013 pekee wakipoteza 111. Mwaka 2017 walitwaa ubingwa.

Tanzania haina mto wa kuangukia kama huo. Anayeshika mkia hushuka daraja, na vipaji vipya huenda kwa mwenye fedha na ushawishi. Simba haiwezi kushuka kwa hiari ili ipande baadaye, kwani kila msimu ina mechi dhidi ya Yanga, na matokeo yake husubiriwa na mashabiki wa nchi nzima. Shabiki wa Kurasini anayetumia sehemu ya kipato cha siku kununua tiketi hawezi kuambiwa kirahisi kwamba furaha yake imeahirishwa kwa miaka mitatu. Dai lake si ujinga. Ndiye anayejaza uwanja, naye ndiye anayetaniwa asubuhi kazini.

Hesabu baada ya msimu

Katika mechi dhidi ya mtani, ujenzi ulionekana kushindwa. Agosti 8, 2024 Yanga ilishinda 1-0 katika Ngao ya Jamii. Oktoba 19 ikashinda tena 1-0 katika ligi. Mechi ya marudiano, iliyoahirishwa Machi 8, 2025, ilichezwa Juni 25 na Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo.

Lakini hesabu nyingine zilisema tofauti. Pointi za Simba zilipanda kutoka 69 hadi 78, dhidi ya 82 za Yanga. Ahoua alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Katika Kombe la Shirikisho Afrika, Simba iliitoa Al Masry ya Misri kwa mikwaju ya penalti na Stellenbosch ya Afrika Kusini katika nusu fainali, ikafika fainali ya kwanza ya Afrika tangu ile ya Kombe la CAF mwaka 1993. Ilifungwa na RS Berkane, klabu ya zamani ya Chama, kwa jumla ya mabao 3-1.

Chama mwenyewe alitwaa ubingwa akiwa Yanga, lakini hakuwa mhimili kama alivyokuwa Msimbazi. Alikuta nafasi za mbele zikiwa na watu kama Stephane Aziz Ki, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli. Baada ya msimu mmoja tu, mwaka 2025, alihamia Singida Black Stars.

Kwa hiyo kila upande wa kijiwe ulikuwa na sehemu ya ukweli. Waliosema Simba haitakufa bila Chama walithibitishwa na safari ya fainali. Waliosema Yanga imemkomoa mtani walithibitishwa na kombe. Waliokosea ni wale waliodhani kwamba mtu mmoja ndiye aliyeamua yote.

Jeraha lile lile

Jambo linalostahili kujadiliwa zaidi lilitokea mwaka mmoja baadaye. Katika dirisha la usajili la 2025, Mohamed Hussein 'Tshabalala', beki wa kushoto na nahodha wa Simba, naye alimaliza mkataba na kujiunga na Yanga. Huyo ndiye aliyefunga bao la kusawazisha dhidi ya AS Vita mwaka 2019, kabla Chama hajafunga la ushindi. Wafungaji wote wawili wa usiku ule wakawa wamevuka kwenda Jangwani kwa mlango ule ule, bila Simba kulipwa ada. Septemba 2025 kocha Davids naye aliondoka na kurudi Raja Casablanca.

Ujenzi wa timu haupimwi kwa wingi wa wanaoingia. Hupimwa pia kwa tarehe za mikataba ya waliomo ndani, na kwa muda anaopewa mwashi kumaliza kazi yake. Klabu inayosubiri mkataba ubakize wiki chache ndipo ianze mazungumzo, itajenga upya kila mwaka, na kila mwaka itakuwa inachimba msingi.

Mashabiki wa Kurasini wana haki ya kuendelea kubishana kuhusu nani alikuwa msaliti. Hata hivyo, kwa mwanachama mwenye kadi na haki ya kusimama katika mkutano mkuu, lipo swali lenye faida kubwa zaidi kuliko hilo, nalo linaweza kuulizwa kila Januari, miezi sita kabla ya machozi: ni mikataba ya nani inayokwisha Juni?