Anwani safi za wavuti zilitoka wapi?

Hebu angalia anwani hizi mbili:

/habari.php?kat=3&id=47
/habari/2005/mvua-za-masika

Ya pili unaweza kumsomea mtu kwa simu akaiandika bila kukosea. Ya kwanza, jaribu uone! Leo tuangalie tulivyotoka kwa ile tukafika kwa hii, na kwa nini urembo si sababu kubwa.

Hapo mwanzo anwani ilikuwa jina la faili tu ndani ya seva. CGI ilipokuja mwaka 1993, anwani ikaanza kuita programu, na maelezo ya kuipa programu hiyo yakafuata baada ya alama ya kuuliza. Kwa hiyo anwani ilianika mambo ya ndani ya tovuti: lugha iliyotumika, hata namba ya habari kwenye hifadhidata. Ukihama PHP, anwani zako zote zinakufa.

Mwaka 1996 Ralf S. Engelschall aliandika mod_rewrite kwa ajili ya seva ya Apache. Sasa msomaji aliomba anwani safi, na seva ikaigeuza kimyakimya kuwa ile chafu. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, akaandika kwamba anwani nzuri haibadiliki, na akashauri tuondoe mikia kama .cgi.

Lakini mod_rewrite ilishughulikia anwani zinazoingia tu. Viungo vya kwenye kurasa zako uliviandika mwenyewe kwa mkono. Mimi nilishawahi kubadilisha kanuni moja kwenye tovuti ya mteja, nikakesha nikisaka viungo vya zamani faili kwa faili. Asubuhi mteja akapiga simu: ukurasa wa bei unaonyesha 404. Kimoja kilikuwa kimenipita.

Dawa niliipata kwa Ruby on Rails, fremuweki ambayo David Heinemeier Hansson aliitoa mwaka 2004. Mwanzoni nayo ilitegemea mod_rewrite. Toleo la 0.10, Februari 2005, likaleta jedwali la njia linaloandikwa kwa Ruby yenyewe. Unaandika kielelezo kimoja:

/habari/:mwaka/:kichwa

Kielelezo hiki husomwa pande mbili. Anwani ikiingia, Rails inatoa humo mwaka na kichwa. Ukitaka kiungo, unaipa mwaka na kichwa, nayo inakuundia anwani. Ukiamua "habari" iwe "makala", unabadilisha mstari mmoja na viungo vyote vilivyoundwa hivyo vinafuata. Django, iliyotolewa 2005, nayo ina kazi yake ya kuunda anwani, iitwayo reverse.

Ila usijisahau. Jedwali halifikii viungo ambavyo watu wamekwisha kutumiana kwa barua pepe au kuweka kwenye tovuti zao. Ukibadilisha njia, acha ile ya zamani ielekeze kwa mpya kwa 301. Hiyo fremuweki haikufanyii yenyewe. Ni lazima uiandike wewe.